Mlango umeachwa wazi kwa sababu ya joto

Wadau, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Ndera, na nimerudi na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Nikiwa huko niliitwa Garsen mjini, kwenye duka moja la jumla (jina nalisitiri) ambako tarakilishi kuu "inajizima yenyewe." Nikapelekwa stoo. Paa la mabati. Seva iko sakafuni kati ya magunia ya unga, mgongo umebanwa ukutani, pale pale inapotolea hewa ya moto. Kiyoyozi kimewekwa nyuzi 16 na kinapuliza dari. Mlango uko wazi, umezuiwa kwa jiwe, eti stoo ipate hewa. Yaani mtu analipa stima kuipoza Garsen nzima! Wapagazi wanapita, wateja wanapita, na nywila ya ruta imebandikwa ukutani. Ni hiyo hiyo wanayopewa wateja wakitaka intaneti ya bure.

Nilipomuuliza mzee mwenye duka, alicheka. "Kijana wangu, nani atatoka Ulaya aje kutuibia sisi hapa Garsen?"

Hatoki mtu Ulaya, mzee. Zipo programu zinazopita mtandaoni zikibisha hodi kwa kila anwani, na hazijui Garsen ni wapi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zipatazo 150, kikiruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine, ilhali Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Watu hupenda kunitajia eCitizen, iliyoshambuliwa Julai 2023, kama ushahidi kwamba wanaolengwa ni wakubwa tu. Ni kweli, eCitizen ililengwa. Duka halihitaji kulengwa, linatosha kuwa wazi.

Na kilichomo humo si hesabu za unga peke yake. Kuna daftari la madeni: majina, nambari za vitambulisho na za simu za majirani zangu, wakulima wa maembe na wafugaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye duka saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data iwapo taarifa hizo zitavuja na kuwaweka watu hatarini. Mzee hakuwahi kuisikia.

Lakini hasira yangu hasa ni kwetu sisi mafundi. Aliyetangulia kuitwa alimwandikia mzee bei ya kiyoyozi cha pili! Hakuigeuza seva. Hakuuliza kwa nini tarakilishi mbili kuukuu zinawaka usiku na mchana bila kazi (niliuliza, hakuna aliyejua). Karibu umeme wote unaoingia kwenye mashine hutoka kama joto, kwa hivyo mzee analipa kuziwasha, kisha analipa tena kuondoa joto lake.

Mtasema Tana River ni joto, mlango utafungwaje? ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27. Nyuzi 16 ni za nini basi? Nilizizima zile kuukuu, nikaigeuza seva ivute hewa ya baridi kwa mbele, nikaipandisha rafuni. Baada ya mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, anayeacha seva sakafuni katika bonde hili ana moyo. Kiyoyozi nikakipandisha hadi 24. Moto utokee juu, kwenye tundu lenye feni na wavu. Nikafunga mlango, nikakaa humo saa nzima. Haikujizima.

Wateja sasa wana mtandao wao, mbali na wa duka. Diski ya nakala, iliyokuwa imechomekwa mwaka mzima (kirusi kingeifunga pamoja na zingine), mzee anaichomoa kila jioni na kwenda nayo nyumbani.

Bado kufuli. Mzee anasema ufunguo utawasumbua wapagazi. Jumamosi narudi tukabishane.