Msamaha Usio na Dawa



Tangu uchangiaji wa matibabu uanze mwaka 1993, sera inawasamehe wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano. Lakini mama wa Msimbati anapoambiwa, "Dawa hakuna, kanunue dukani," amesamehewa nini? Huo si msamaha, ni dhihaka.

Tusimlaumu tabibu wa zahanati. Hawezi kugawa asichopewa. Wa kuulizwa ni Halmashauri, mwajiri wake. Gesi ya Msimbati inafika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015. Je, dawa ishindwe kutoka Bohari hadi mdomo wa Ruvuma?

Zahanati ina kamati yenye wajumbe wa wananchi. Viongozi wa jumuiya, gombeeni nafasi humo, kagueni daftari la dawa, ulizeni. Haki haiombwi kama sadaka.