Masomo ya Mbali Yawe na Maswali

Shule zilipofungwa nchini Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Mwanafunzi wa Kilangali alisikiliza, lakini redio haikuweza kumwuliza ameelewa nini. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, wananchi wapatao milioni mbili walisikiliza kwa vikundi, kisha wakajadiliana. Na mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids kilianza kuwauliza watoto maswali, wakajibu kwa ujumbe wa simu.

Basi tunawataka walimu wanaofundisha kwa intaneti wasihutubie tu. Wasimamishe somo, waulize, wawapigishe wanafunzi kura papo hapo, waone wangapi wamepotea, warudie. Lakini swali lifike hata kwenye simu ya kitochi, na gharama ya kujibu asitwishwe mkulima wa mpunga. Hilo Wizara ya Elimu ilimalize na kampuni za simu.