Kazi za Mikono: Ndege Hii ni ya Mwezi Gani?



Siku chache zilizopita rafiki yangu mmoja, mkulima mwenye mashamba na ng'ombe wa maziwa, alinikuta barazani kwangu nikisugua kwa msasa kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mchele. Alinitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu azungumzaye na mgonjwa: "Bwana, hivi ni vitu vya watoto. Wewe una haja gani navyo?" Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika ukurasa huu, ili na wengine wenye swali kama lake wapate jibu. Wahenga walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, nami sibishani nao. Lakini uko mchezo ambao mtu akiufanya kwa uaminifu humfunza kazi.

Mchezo wenyewe ni kuunda ndege za mfano. Sisemi zile zirukazo, bali zile zinazokaa mezani, zilizofanana na ndege ya kweli kwa kila kiungo, isipokuwa ukubwa. Kipimo kinachopendwa na wengi ni cha sehemu moja kwa 72, yaani kila futi 6 za ndege ya kweli huwa inchi 1 katika mfano. Ndege ya vita ya Kiingereza iitwayo Spitfire, ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11 na kidogo kutoka ncha hata ncha, kwa kipimo hiki huwa na upana wa sentimita 15 na nusu hivi, nayo hukaa katika kiganja cha mkono.

Mifano ya namna hii ilianza kuuzwa kwa vipande vya plastiki huko Uingereza mwaka 1936, na kampuni ya FROG ndiyo iliyotangulia. Baada ya vita, katika miaka ya 1950, kampuni ya Airfix ilitoa Spitfire ndogo ya bei nafuu, na vijana wengi wakajifunza kazi hii kwa ndege hiyo. Leo wapenzi wa kazi hii wana vyama vyao katika nchi nyingi, na kila mwaka mwezi wa Novemba maelfu yao hukutana mjini Telford, Uingereza, kuonyeshana kazi zao.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa mifano hii ilikuwa ya kuchezea tu. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi hiyo watengeneze ndege za mfano 500,000 kwa mbao, kwa kipimo hicho hicho cha 72, na kuzipaka rangi nyeusi. Askari waliziangalia kwa mbali, wakajifunza kutambua kwa umbo lake ndege ya rafiki na ndege ya adui. Fikiri basi: mtoto akikosea bawa kwa unene wa ukucha, askari angeweza kujifunza kosa, na kosa hilo likamfanya ampige mwenzake angani. Tangu hapo hata leo, mwenye kuunda ndege ya mfano huulizwa swali moja kabla ya yote: je, ndivyo ilivyokuwa?

Swali hilo ndilo lililonipata mimi mwaka jana, nami nitawasimulia bila kujificha.

Sisi tunaopenda kazi hii katika mji wetu tu watu watano. Yuko mzee mmoja aliyekuwa karani wa reli, yuko fundi wa meno ya bandia, yuko mwalimu wa hesabu, yuko kijana anayepaka magari rangi, na mimi. Hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nyumbani kwa fundi wa meno, kwa sababu meza yake ni pana na taa yake ni kali. Kila mmoja huleta kazi yake, huiweka katikati ya meza, na wenzake huisema. Atakaye kusifiwa tu, hukaa kwake.

Sasa, nilikuwa na rafiki mwingine, mwalimu wa Kisotho, ambaye tulifanya kazi pamoja miaka sita. Alikuwa karibu kustaafu na kurudi kwao Maseru. Siku moja, katika mazungumzo, alinieleza habari ambayo sikuijua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, walichanga fedha zao wenyewe za kununua ndege za Spitfire, na kwa ajili ya mchango huo kikosi nambari 72 cha jeshi la anga la Uingereza kikapewa jina la Basutoland. Babu yake, mkulima asiyepata kuona ndege kwa karibu maishani mwake, alikuwa miongoni mwa waliotoa. Basi nikakusudia moyoni kumwundia ndege ya kikosi hicho iwe zawadi ya kuagana. Nilikuwa na majuma saba.

Nilianza vema. Vipande vya plastiki huja vimeshikamana na fremu yao. Usivivunje kwa mkono, bali vikate kwa koleo kali, kisha ulainishe palipokatwa kwa msasa. Kabla ya hayo, vioshe vyote kwa maji ya sabuni na uviache vikauke, kwani vina mafuta ya kalibu ambayo huikataa rangi. Kila kipande kipimwe mahali pake bila gundi kwanza, kama fundi seremala apimavyo mlango kabla ya kupiga misumari. Gundi ya kazi hii huyeyusha plastiki kidogo na kuiunganisha, kwa hiyo tone moja likizidi huacha kovu. Na kioo cha chumba cha rubani usikibandike kabisa kwa gundi ile ikaukayo mara moja. Mvuke wake hukifanya kioo kiwe na ukungu mweupe usiotoka. Mimi nilipata kuharibu vioo viwili kabla ya kukubali kutumia gundi nyeupe ya seremala, ambayo fundi wa meno alikuwa amenishauri tangu mwanzo.

Viungo vikisha kukauka, nyufa huzibwa, husuguliwa, na ndege nzima hupakwa rangi ya kwanza ya kijivu. Hapa ndipo mtu hujijua. Ufa ambao macho yako yaliupita na kidole chako hakikuusikia, sasa huonekana wazi kama mstari wa wino. Watu wengi hudhani ya kwamba rangi huficha makosa. Rangi haifichi kosa, hulitangaza. Mkulima anayelima juu juu hawezi kuyaficha magugu kwa kupanda mbegu nzuri, na karani aliyejumlisha vibaya hapati nafuu kwa kuandika jumla yake kwa mwandiko wa kupendeza.

Nami nilisugua, nikapaka, nikasugua tena. Kisha nikaipaka ndege yangu kijani na rangi ya udongo kwa mabaka juu, na kijani kilichopauka chini, kama nilivyoiona katika picha za mwaka 1940, wakati Waingereza walipopigana na Wajerumani juu ya nchi yao. Nikazibandika herufi RN, ambazo ndizo zilizokuwa alama ya kikosi nambari 72. Ilipendeza kweli. Zilikuwa zimebaki siku nane rafiki yangu asafiri, na Jumamosi ya kukutana ikafika.

Niliiweka mezani. Kijana wa magari akapiga mluzi. Mwalimu wa hesabu akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee wa reli hakusema neno. Aliigeuza kwa ncha za vidole, akaangalia mizinga midogo miwili inayotokeza mbele ya mabawa, akauliza:

"Bwana, ndege hii ni ya mwezi gani?"

Nikamjibu kwamba ni ya mwanzo wa mwaka 1942.

"Basi rangi zake zimechelewa," akasema. "Mwezi wa Agosti 1941 waliiondoa rangi ya udongo. Ndege zao za vita zilikuwa zikivuka bahari kwenda Ufaransa, na juu ya bahari udongo hauonekani kuwa mahali pake. Palipokuwa na udongo wakapaka kijivu cha bahari, chini wakapaka kijivu chepesi, na ukingo wa mbele wa mabawa, kuelekea ncha, wakautia mstari wa manjano ili watambuane."

Sitaficha ya kuwa nilikasirika. Nilimwambia kwamba anayepewa zawadi si mtu wa ndege, hatajua. Kwamba siku zimekwisha. Kwamba kazi ya majuma sita haiharibiwi kwa ajili ya rangi moja. Mzee hakunijibu. Alinirudishia ndege yangu kwa mikono miwili, kama mtu amrudishiaye mwenzake kitu cha thamani. Nikaenda zangu.

Usiku ule sikulala upesi. Nilitafuta makosa katika maneno ya mzee, sikuyapata. Nyani haoni kundule. Kisha nikamkumbuka yule mkulima wa Basutoland. Alitoa fedha yake kwa kitu ambacho hangekiona, akawaamini watu asiowajua kwamba wataitumia ilivyopasa. Mjukuu wake naye asingelijua kosa langu, na kwa sababu hiyo hasa kosa lilikuwa baya. Kumpa mtu asiyejua kitu kisicho sawa, na kukiita sawa, ni kumpunja. Ni sawa na kumpimia kibaba pungufu mtu asiyejua kuhesabu.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee wa reli kumwomba radhi. Alicheka tu, akatoa faili lake la karatasi na picha alizozikusanya kwa miaka mingi. Humo akanionyesha jambo lililonitia moyo. Wakati ule wa Agosti 1941 kijivu cha bahari kilikuwa hakitoshi, na vikosi viliagizwa vichanganye chao wenyewe: sehemu saba za kijivu chepesi kwa sehemu moja ya nyeusi. Tena ramani ya mabaka haikubadilika. Kijani kilibaki mahali pake, na kijivu kikapakwa palepale palipokuwa na udongo. Maana yake ni kwamba mafundi wa kikosi walikuwa na kazi ile ile iliyokuwa mbele yangu, na waliifanya kwa ndege zilizokwisha kupakwa, kama yangu.

Wenzangu hawakuniacha. Mwalimu wa hesabu alinipimia rangi kwa matone, saba kwa moja. Fundi wa meno alikata utepe wa kubandika kwa wembe wake, akafunika sehemu za kijani na herufi zisipatwe. Kijana wa magari alipuliza kijivu kwa tabaka nyembamba sana, moja baada ya moja, huku akitukemea sisi wazee tusiharakishe kuigusa. Mzee wa reli alichora mstari wa manjano kwa mkono, na mkono wake haukutetemeka. Siku mbili kabla ya safari tuliipaka vanishi isiyong'aa, nayo ikawa tayari.

Rafiki yangu alipoipokea aliitazama kimya. Hakuuliza lolote juu ya kijivu wala manjano. Aliuliza tu kama ndivyo zilivyokuwa zile ndege zao. Nikamwambia, "Ndivyo zilivyokuwa." Na niliweza kulisema neno hilo nikimtazama usoni. Baadaye aliniandikia kwamba ameiweka kabatini, karibu na picha ya babu yake.

Hilo ndilo jibu langu kwa rafiki yangu mkulima. Kwa wale wanaotaka kuanza, nitasema machache. Anza na ndege ndogo yenye vipande vichache. Nunua koleo moja zuri, wembe, msasa laini wa namna mbili, na brashi tatu. Vitu vingine vitakuja vyenyewe. Fanya kazi mahali penye hewa, kwani gundi na rangi zina mvuke mbaya, na uviweke mbali na watoto. Kabla ya kufungua chupa ya rangi, jiulize ndege yako ni ya mwaka gani na mwezi gani, kisha utafute jibu. Na zaidi ya yote, tafuta wenzako wawili au watatu, na mmoja wao awe mtu asiyeogopa kukuuliza.

Mzee wetu wa reli sasa anaunda ndege ya majini iliyotua ziwani, na Jumamosi ijayo ataileta mezani. Sisi wanne tumekwisha kuanza kusoma. Safari hii tunataka tuwe sisi wa kuuliza.