Kezilahabi Hagawanyiki kwa Karatasi ya Mtihani

Mwanafunzi wa Kenya akiulizwa Euphrase Kezilahabi ni nani, aghalabu jibu lake hutegemea kile alichotahiniwa. Aliyesoma mkusanyiko wa Mayai Waziri wa Maradhi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na K. W. Wamitila na kutahiniwa katika shule zetu za upili, atasema ni mwandishi wa hadithi fupi. Aliyefunzwa ushairi atamtaja kuwa ni yule aliyeasi vina na mizani. Aliyebahatika kufika chuo kikuu atasema ni mwanariwaya. Majibu yote matatu ni sahihi. Hata hivyo, kila moja likisimama peke yake linapotosha.

Kezilahabi alizaliwa mwaka wa 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe kilicho ndani ya Ziwa Victoria, akafariki dunia Januari 9, 2020. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwake. Alikulia katika Kikerewe. Licha ya hayo, ametuachia riwaya sita, diwani tatu za mashairi, tamthilia, hadithi fupi na kazi za uhakiki. Wala si mgeni kwetu. Rosa Mistika ilitolewa mwaka wa 1971 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake hapa Nairobi. Diwani ya Kichomi ilitolewa papa hapa Nairobi mwaka wa 1974, na Dhifa, diwani yake ya mwisho, ikachapishwa pia katika jiji hili mwaka wa 2008.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: kwa nini mtu mmoja ahangaike na tanzu zote hizo? Wapo wanaodhani kwamba mwandishi huhama utanzu kama mtu anayebadilisha shati. Kazi za Kezilahabi zinakanusha dhana hiyo. Mwaka wa 1974 alichapisha riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Katika riwaya, msomi Kazimoto anasagwa na mawazo hatua kwa hatua, ukurasa baada ya ukurasa, hadi anajitoa uhai. Kukata tamaa kwa namna hiyo kunahitaji muda, na riwaya ndiyo yenye muda. Kichomi, kwa upande wake, ni maumivu yanayochoma mara moja ubavuni na kukata pumzi. Jina la diwani lenyewe linatueleza shairi linakusudia kufanya nini.

Tutazame pia suala la Ujamaa, lililomshughulisha kwa miaka mingi. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) tunamwona Tumaini, mtu aliyepata mali, akigongana na siasa mpya hadi anaua na kuhukumiwa kifo. Katika Gamba la Nyoka (1979) tunahamia vijijini, ambako azimio lililoandikwa mjini linakutana na wakulima wenye mashaka yao. Kisha ipo Kaptula la Marx, tamthilia iliyoandikwa miaka ya 1970 lakini isichapishwe hadi mwaka wa 1999. Hapo suala ni lile lile, ila sasa limevuliwa masimulizi na kupandishwa jukwaani ili lichekwe hadharani. Kiongozi anayeng'ang'ania kuvaa vazi ambalo hakukatiwa yeye ni kichekesho kinachohitaji macho ya hadhira.

Mwalimu wa sarufi naye asipite hapo kwa haraka. Kamusi zetu zinaliweka neno kaptula katika ngeli ya I-ZI. Tungetarajia basi "kaptula ya Marx". Mwandishi amechagua "la". Kwa kiambishi hicho kimoja amelihamisha vazi hadi katika ngeli ya LI-YA, akalikuza, akalidhalilisha, na kejeli ikaanza kabla hata pazia halijafunguliwa. Vivyo hivyo, "Waziri wa Maradhi" ni cheo kinachopindua kile tunachokitarajia: wizara iliyopaswa kusimamia afya inasimamia ugonjwa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ngeli ni jedwali la kukariri tu amenyimwa nusu ya raha ya lugha yake.

Mintarafu ya ushairi, ugomvi wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ungalipo katika madarasa yetu, ijapokuwa haupigiwi tena kelele. Wapo walimu wanaoamini kimoyomoyo kwamba shairi huru ni kimbilio la mvivu asiyeweza kupima mizani. Hofu yao haikosi msingi: bahari za ushairi wetu ni hazina ya karne nyingi, na wapo vijana wanaokata sentensi ya nathari vipande vinne na kuiita beti. Ila Kezilahabi hakutetea uholela. Alitaka ushairi uikaribie lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao, na mzigo alioutua kwenye vina akautwika taswira na pumzi ya mshororo. Ukiziweka pamoja diwani zake tatu, Kichomi, Karibu Ndani (1988) na Dhifa, unaona safari: kutoka kwenye maumivu, kupitia mlango uliofunguliwa, hadi kwenye karamu.

Safari ya riwaya zake ilikuwa kinyume. Alianza na uhalisia wa Rosa Mistika, hadithi ya msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba na kuangamia alipoachiwa, kitabu kilichopigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Akaishia kwenye Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambamo msafiri anatafuta maana katika dunia iliyovurugika. Kati ya nusu hizo mbili za kazi yake kuna tasnifu ya uzamifu aliyoiwasilisha mwaka wa 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nagona na Mzingile zina ufupi wa shairi, maswali ya falsafa na mwendo wa ngano. Anayezisoma akitafuta ploti pekee atatoka mikono mitupu. Aliyekwisha kuyasoma mashairi yake ataingia akiwa na ufunguo.

Hapa ndipo tatizo letu lilipo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne imezoea kugawa fasihi katika sehemu: ushairi, riwaya, tamthilia, hadithi fupi na fasihi simulizi. Mgawo huo unamfaa mtahini, kwani lazima asahihishe kwa usawa. Hatari ni pale mgawo wa mtihani unapogeuka kuwa mgawo wa akili, mwanafunzi akaamini kwamba mshairi na mwanariwaya ni viumbe wawili wasiojuana. Mtaala unaodai kulenga umilisi hautakuwa na maana ukihifadhi kuta zile zile na kuzipaka rangi mpya.

Pana watakaosema kwamba muda hautoshi na vitabu ni ghali. Ni kweli. Lakini jambo linalopendekezwa hapa halihitaji kitabu kipya kwa kila mwanafunzi. Mwalimu anaweza kuchagua mwandishi mmoja kwa muhula, akasoma darasani shairi lake moja, sura moja ya riwaya yake na onyesho moja la tamthilia, kisha akauliza: kwa nini jambo hili hakulisema kwa njia ile nyingine? Swali hilo halina jibu katika miongozo inayouzwa madukani. Mwanafunzi atalazimika kufikiri.

Mgema hatambuliki kwa kibuyu kimoja. Tukiendelea kumsoma Kezilahabi vipande vipande, tutakuwa na watahiniwa wengi waliomjibu vyema, na wasomaji wachache mno waliomwelewa.