Kabla Hujampakia Mtoto, Tazama Fremu

Tangu tulipozungumzia bodaboda mmenijaza meseji: "Nesi, na baiskeli je?" Haya, leo baiskeli. Itakuwa ndefu, nitaikata vipande. Ukichoka weka alama, urudi mtoto akilala.

1.

Sisi watu wa Tanga hatufundishwi baiskeli na mtu. Mji wetu tambarare, na baiskeli tumekuta babu zetu wanazo. Hapa Nguvumali asubuhi ukisimama barabarani unaziona: mtoto wa chekechea nyuma, mfuko umening'inia kwenye usukani, mama na dera lake, twende. Hilo sina ugomvi nalo. Kwa mama ambaye nauli ya kila siku inamuuma, baiskeli ndo inayomfikisha kliniki tarehe yake.

Ugomvi wangu mie ni tunavyochagua. Tukienda dukani au kwa muuza mtumba tunaangalia rangi, tunahesabu gia, tunabonyeza springi. Fremu, yaani kile kiunzi cha mabomba ambacho ndo baiskeli yenyewe, hakiulizwi na mtu. Na fremu ndo inaamua mtoto akae wapi, kisigino chake kifike wapi, na wewe ushuke vipi baiskeli ikiyumba.

Nasema wazi msimamo wangu halafu mnipinge: familia inayopakia mtoto inunue baiskeli ya chuma, yenye uwazi wa kupitisha mguu katikati, ile mnayoiita ya kike. Na baba naye aendeshe hiyohiyo.

2.

Baba wameshaanza kucheka. Subirini kidogo.

Baiskeli ya kiume ina mtalimbo, lile bomba la juu linalotoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani. Ukiwa peke yako unarusha mguu nyuma juu ya kiti, umepanda. Sasa weka mtoto kwenye keria. Huo mguu utaurusha wapi? Utampiga teke la kifua. Kwa hiyo watu wanafanya sarakasi: wanapanda kwanza wao, halafu mtu mwingine anamnyanyua mtoto kumweka nyuma. Kushuka ni hivohivo kinyume chake. Na siku ukilazimika kushuka ghafla, bajaji imekukatia mbele, huna pa kupitisha mguu. Mnaanguka wote wawili, na mtoto anaanguka kichwa mbele kwa sababu mikono yake imekushika wewe.

Fremu ya uwazi inakupa kitu kimoja tu lakini kikubwa: unaweka miguu yote miwili chini papo hapo, baiskeli bado iko katikati yako, mtoto bado amekaa. Hilo halina ukike wala uume. Jina ndo linatuponza. Ingeitwa baiskeli ya mzazi, baba wangezigombania.

3.

Ila si kila fremu ya uwazi inafaa, na hapa naomba msome polepole.

Ule mtalimbo haukuwekwa kwa urembo. Unafunga mbele na nyuma ya fremu kama boriti inavyofunga kuta. Ukiuondoa, fremu inapata nafasi ya kujinyonga. Ukiwa mwenyewe huhisi. Ukiweka mzigo nyuma unahisi: nyuma inakwenda kivyake, usukani unaanza kutetemeka, hasa ukishika kasi kidogo kwenye mteremko au ukitoa mkono mmoja.

Wajapani wanalijua vizuri. Zile baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele na kava la cheni, ambazo nyingi zinaingia kwetu, kwao zinaitwa baiskeli za mama. Kupakia watoto wawili ilikuwa hairuhusiwi, na wamama walikuwa wanapakia vilevile, kama sisi tu. Mwaka 2009 polisi wa huko wakaruhusu, lakini kwa baiskeli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: fremu ngumu, breki za kutosha, stendi isiyoyumba, na usukani usiotetemeka ukiwa na mzigo. Yaani hawakumlaumu mama. Waliibana fremu.

Sa' kwa macho yako utaitambuaje? Tazama mabomba yanayoshuka kutoka kwenye usukani. Kuna fremu zenye bomba moja tu nene lililopinda kama shingo ya bata. Hiyo ni tamu kupanda, lakini isipokuwa nene kweli inajinyonga. Kuna zenye mabomba mawili, moja juu ya jingine, yameachana. Hizo ni imara zaidi. Na kuna zile ambazo bomba la juu limegawanyika kuwa membamba mawili yanayoshuka mstari mmoja, yanapita pembeni mwa kiti hadi kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Ukiikuta hiyo na haina kutu, usimwachie muuzaji. Uwazi unao, na nyuma imefungwa.

Jambo la pili, urefu wa nyuma. Pima kwa macho kutoka kwenye pedali hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ikiwa fupi, kisigino chako kinagonga vidole vya mtoto kila ukikanyaga, na mtoto anasogezwa nyuma ya ekseli, baiskeli inataka kunyanyuka mbele. Ikiwa ndefu, mtoto anakaa mbele ya ekseli, karibu na mgongo wako, na baiskeli inatulia. Zile nyeusi za zamani, Phoenix, Avon, Hero, na zile Swala zetu zilizokuwa zikitengenezwa Dar, nyingi zina nyuma ndefu. Ndo maana zinabeba gunia la mkaa na hazilalamiki.

4.

Swali linalorudi kila mara: "Nesi, chuma kizito, kwa nini nisichukue aluminiamu?"

Nyepesi ni kweli. Baiskeli nyeusi ya chuma inafika kilo 20 hivi, na mama aliyejifungua kwa upasuaji asiinyanyue kupandisha kibarazani, amwachie mtu mwingine. Lakini chuma kina tabia mbili ninazozipenda. Mara nyingi kinakuonya: kinapinda, rangi inapasuka mstari, unasikia mlio, ndo kinakatika baadaye. Na kinatengenezeka mtaani. Fundi mwenye gesi analehemu kwa shaba, umerudi barabarani jioni. Aluminiamu ikipasuka, mafundi wengi wa mtaani hawaiwezi. Hata chuma chenyewe, bomba likiwa jembamba usimruhusu fundi wa mageti alichome kwa umeme. Analitoboa, halafu anaficha kwa rangi.

Kuna wanaosema chuma "kinanesa" hivyo ni laini mgongoni. Kuna ukweli, ila umetiwa chumvi. Chuma chote ugumu wake karibu ni mmoja. Kinachobadilika ni unene na upana wa bomba. Waingereza walitoa mabomba yao mepesi ya Reynolds 531 mwaka 1935, ukuta mwembamba, baiskeli inakuwa kama ina uhai. Lakini huo uhai ni wa mtu mmoja na mkoba mdogo. Mtoto wa miaka mitano ana kilo 18 hivi, itazame kadi yake. Mweke nyuma ya fremu laini namna hiyo uone inavyotikisa mkia. Kwa kazi yetu sisi, bomba nene, zito, la kishamba.

Ulaini utafute kwenye tairi. Huko Ufaransa kuna safari ya Paris–Brest–Paris, ilianza 1891, kilomita 1,200, na siku hizi aliyepewa muda mrefu kabisa ana saa 90. Kati ya watu hao wapo wengi wanaotumia fremu za chuma mpaka leo, na wengi wameachana na tairi nyembamba zilizojaa upepo kama jiwe. Wewe na vichochoro vyetu vya mchanga na mashimo yanayobaki baada ya masika, unajaza upepo mpaka tairi inalia ti! ti! kwa nini? Gurudumu la nyuma linabeba zaidi ya nusu ya uzito, lijaze zaidi ya la mbele. La mbele libonyee kidogo kwa kidole gumba. Na lile la nyuma lisifike ugumu wa jiwe: ukipita kwenye jiwe dogo mtoto asirushwe.

Mama mwenye maumivu ya kiuno baada ya kujifungua, mmenisikia? Kabla ya kununua dawa ya kuchua, punguza upepo, na weka kile kiti kipana chenye springi chini yake. Hiyo ndo springi pekee ninayoipenda.

Maana hizi baiskeli za springi katikati ya fremu, zinazouzwa kama za kisasa, kwa kupakia mtoto hazifai. Nyuma inachezacheza na kiungo kinalegea. Keria ya kawaida haina pa kufungwa, wanakuuzia ile inayoning'inia kwenye bomba la kiti, na nyingi zimeandikwa kilo 10 tu. Kilo 10 ni mtoto wa mwaka mmoja. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja simshauri mtu ampakie kabisa, hata mgongoni kwa kanga. Shingo yake bado.

5.

Sasa sababu iliyonifanya niandike yote haya.

Visigino. Watoto wanaingiza mguu kwenye spoku. Mtoto amekaa kwenye keria, miguu inaning'inia, amesinzia, baiskeli inakata kona, mguu unaingia kati ya spoku na bomba la fremu. Gurudumu halisimami, linausaga. Nimeosha vidonda hivi vingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wengi ni watoto wa chekechea na darasa la kwanza, na aliyekuwa anaendesha ni mzazi, kaka au mjomba anayempenda.

Kwa hiyo ukishapata fremu, pesa iliyobaki usinunue kengele ya muziki. Nunua keria ya chuma yenye miguu inayofika hadi kwenye ekseli, na usome uzito ulioandikwa juu yake. Mwambie fundi aweke vikanyagio viwili vya miguu ya mtoto. Halafu funika pembeni mwa gurudumu, pande zote mbili. Dumu la plastiki lililopasuka linakatwa vipande viwili bapa, linatobolewa, linafungwa kwa waya kwenye miguu ya keria na kwenye fremu. Hakikisha hakuna ncha ya waya inayotazama nje. Ukishamaliza hapo, dera lako nalo limepona, pamoja na kava la cheni upande wa mbele.

Ikitokea mguu umeingia: simama palepale. Usilirudishe gurudumu nyuma kwa nguvu. Mmoja amshike mtoto, mwingine akate spoku kwa koleo au afungue gurudumu. Spoku ni pesa ndogo. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, uende kituo cha afya siku hiyohiyo hata ukiona kidonda kidogo. Nyama iliyosagwa inadanganya: leo ngozi nzima, baada ya siku mbili tatu imekuwa nyeusi. Dawa ya meno, majivu, grisi, hapana jamani. Beba na kadi, tuangalie chanjo ya pepopunda.

6.

Kujaribu kabla ya kulipa. Chukua dumu la lita 20, lijaze maji mpaka juu, maana maji yakicheza ndani yatakudanganya. Hizo ni kilo 20, mtoto wako mkubwa huyo. Lifunge kwenye keria kwa mpira. Shika kiti na usukani, sukuma pembeni, tazama kama nyuma inapinda. Halafu endesha, pita kwenye mashimo, kata kona, funga breki ghafla. Usukani ukitetemeka, mwambie fundi akaze beringi za usukani na spoku, ujaribu tena. Ukiendelea kutetemeka, ni fremu. Mrudishie mwenyewe, hata kama rangi yake umeipenda.

Geuza baiskeli juu chini pia, uchungulie chini ya pedali na kwenye shingo ya usukani. Upepo wetu wa bahari una chumvi, chuma kinaoza kutoka ndani. Gonga kwa kijiti: mlio mkavu ni sawa, ukisikia chembe za kutu zinamwagika ndani, achana nayo. Ukiinunua nzima, mpe fundi ang'oe kiti, amimine mafuta machafu kidogo kwenye lile bomba, mara moja kila mwaka kabla ya masika.

Kesho nikitoka zamu ya usiku nitaweka picha za zile ngao za dumu, hatua kwa hatua. Mwenye fundi mzuri wa kulehemu kwa shaba upande wa Mabawa au Makorora aseme hapo chini, kuna mama watatu wananiuliza.