MTOTO WA MFANYA KAZI NAYE ATAKA UWANJA



Kila asubuhi, kabla ya saa moja, wafanya kazi hutoka Kawangware na Kangemi kwa miguu kwenda Muthangari. Ni mayaya, wapishi, madobi, watunza bustani na askari wa lango. Njiani mama humwacha mtoto wake katika nyumba ya kulelea watoto, hulipa shilingi za siku hiyo, kisha huendelea na safari. Ikifika saa nne mama huyo yuko juu ya nyasi za Muthangari akimchezesha mtoto wa tajiri wake. Amwona akikimbia, akianguka, akiinuka tena. Hiyo ndiyo kazi yake, na aifanya vizuri. Saa ile ile mtoto wake mwenyewe ameketi mkekani ndani ya chumba cha mabati, mlango umefungwa, na ataketi hivyo mpaka jioni.

Twauliza: ni nani aliyesema kwamba jua na udongo ni mali ya mtoto mmoja tu?

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya waalimu, si ya chama. Twawajibu kwamba mchezo wa mtoto wataka vitu viwili, ardhi na mikono ya watu wazima. Ardhi ikinyakuliwa, ni yetu inayonyakuliwa. Mikono ikipunjwa mshahara, ni yetu inayopunjwa. Basi jambo hili ni letu tangu mwanzo hadi mwisho.

MCHEZO SI ANASA

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Lasema mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kutumia mwili wake kila siku, na katika hizo dakika 60 ziwe za nguvu hasa, yaani kukimbia, kuruka, kupanda. Lasema tena asifungwe kitini au katika kigari zaidi ya saa moja mfululizo. Hebu linganisheni na mtoto anayeketishwa mkekani kutwa nzima!

Huko Guangzhou, nchini China, wataalamu walichukua watoto wa darasa la kwanza katika shule 12. Nusu ya shule hizo ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, kwa muda wa miaka mitatu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika shule zilizotoka nje, watoto kama 30 kwa kila 100 walipata ugonjwa wa kutoona mbali. Katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Dawa yenyewe haikuwa na bei. Ilikuwa mwanga wa mchana.

Na hapa kwetu? Mwaka 2017 watafiti waliandika juu ya mtaa mmoja wa mabanda nchini Kenya, wakaeleza kwamba watoto walikuwa na ugonjwa wa mifupa kulainika, ule unaoleta matege, kwa sababu ya upungufu wa vitamini D. Vitamini hiyo mwili huitengeneza kwa jua likiipiga ngozi. Ndugu, Kenya imekatwa na mstari wa ikweta! Jua tunalo mwaka mzima. Mtoto kupinda miguu kwa kukosa jua katika nchi kama hii ni aibu kubwa, na aibu hiyo si ya mama yake.

NANI AFUNGAYE MLANGO?

Wengi huelekeza kidole kwa mlezi. Husema ni mvivu, hataki kusumbuka. Twakataa neno hilo. Mpeni mama mmoja watoto ishirini, wengine wakitambaa, wengine wakilia njaa, na nje ya mlango kuna mtaro wa maji machafu na bodaboda zapita. Nani kati yenu angeufungua mlango huo? Mama yule hafungi kwa uvivu. Afunga kwa hofu, na hofu yake ni ya haki.

Wala msidhani ubaya huu uko upande wa mabati tu. Umevuka barabara. Huko Muthangari kwenyewe, na Lavington na Kileleshwa, nyumba za zamani zenye bustani zavunjwa na maghorofa yasimama mahali pake. Ziko nasari zilizokuwa na nyasi na mti wa kupanda, na sasa uwanja umefunikwa kabro ili magari ya wazazi yapate kugeuza. Ada imepanda, uwanja umekwisha. Wanachama wetu wanaofanya kazi humo watueleza habari moja: mtoto akirudi nyumbani na tope katika soksi, mlezi hukaripiwa. Akichubuka goti, mlezi hukatwa mshahara au hufukuzwa. Je, mtu aliyetishwa hivyo atawaacha watoto wapande mti? Atawaketisha mbele ya televisheni, wawe safi na kimya, mpaka saa ya kwenda nyumbani. Kazi isiyo na ulinzi humfunga mlezi, na mlezi aliyefungwa huwafunga watoto.

WASEMAO HAIWEZEKANI

Wenye nasari wasema: "Wazazi wataka watoto waandike, hawalipi ada kwa mchezo." Kwa ndugu zetu wazazi twasema hivi. Mkono wa mtoto hupata nguvu ya kushika kalamu kwa kufinyanga tope, kuvuta kamba na kuning'inia mtini. Mtoto achezaye kalongolongo ajifunza maneno, na achezaye bano ajifunza kuhesabu na kulenga. Kama mwaogopa kwamba darasa la kwanza watamkataa, jueni kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza shule ya umma kumtahini mtoto ili imkubali au imkatae. Anayewauzia hofu hiyo anafanya biashara.

Wengine wasema: "Watoto wa mabanda hucheza njiani siku zote, wamezoea." Huko si kucheza, huko ni kuachwa. Mchezo wa mtoto mdogo wataka mahali salama na jicho la mtu mzima.

Wakubwa wasema: "Nairobi haina ardhi." Hapo ndipo twakasirika. Wakoloni waliojenga Kaloleni miaka ya 1940, ambao hawakutupenda hata kidogo, waliacha viwanja vya majani katikati ya nyumba za wafanya kazi. Ikiwa mkoloni aliweza, serikali yetu wenyewe yashindwaje? Ardhi ilikuwapo. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, pamoja na ya shule, ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Na tarehe 19 Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipousukuma, polisi waliwarushia moshi wa kutoa machozi. Watoto wa shule, wamevaa sare! Dunia nzima iliona picha zile. Lakini ukuta ulianguka, na uwanja ukabaki wa shule. Basi tusiambiwe kwamba haiwezekani.

TWATAKA NINI

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imekabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na nyumba za kulelea watoto. Jedwali lile lile limezikabidhi kaunti bustani za umma na mahali pa kupumzikia. Yaani mtoto na uwanja viko mikononi mwa kaunti moja. Basi asitokee karani wa kututuma kutoka ofisi hii hadi ile. Kenya tena iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 chataja wazi haki ya kucheza. Kwa hivyo hatuombi sadaka. Twataka:

1. Nasari mpya isipewe leseni bila uwanja wa nje, au mapatano ya maandishi ya kutumia uwanja ulio karibu. Maegesho ya magari yasihesabiwe kuwa uwanja.

2. Kaunti ya Nairobi itenge na kuzungushia ua viwanja vidogo Kawangware na Kangemi, vyenye mti, mchanga, maji na choo, ambavyo walezi wa mtaa watavitumia kwa zamu asubuhi.

3. Kila kikundi cha watoto kiwe na walezi wawili au zaidi, mmoja asibaki peke yake, na mishahara yao isiwe chini ya ile ya sheria.

4. Mlezi asikatwe mshahara wala asifukuzwe kwa sababu ya tope au goti lililochubuka katika mchezo wa kawaida.

5. Mafunzo ya walezi yalipwe na kaunti, yawe na somo la mchezo wa nje na huduma ya kwanza.

Haya hayaji yenyewe. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, wenye maghorofa hutuma mawakili wao. Sisi twendeni wenyewe, na mayaya wakae mstari wa mbele, maana wao ndio wanaojua kazi hii kuliko wote. Kila tawi liandike orodha ya nyumba za kulelea watoto zilizo katika mtaa wake na ya kila kipande cha ardhi ya umma kilichobaki hapo, kabla hakijawekwa mabati usiku. Wanachama walio katika nasari za Muthangari wawaletee makatibu barua zozote za kukatwa mshahara kwa ajili ya michubuko ya watoto. Tutazipeleka mbele.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mtoto tusimkunje kwa kumkalisha. Tumpe mahali pa kujinyosha.

UMOJA NI NGUVU.