Sampuli Tatu Zinatosha, Dada



Kila tukikaa na dada anayetaka kuanzisha chapa yake ndogo ya nguo za nikaha, swali halikosi: nishone sampuli ngapi kabla sijaanza kupokea oda? Wengi humwambia kumi, ili mteja achague. Sisi tunasema tatu kwa kila mshono, na kama ndiyo kwanza unaanza, anza na mshono mmoja tu.

Tunaandika kutoka Lundo, wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Huku satini nzuri au shifoni ya shela haipo duka la jirani. Inafuatwa Songea, au inaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, kisha ipitie Songea, Mbinga na Mbamba Bay ndipo itufikie. Ukikata vibaya mita nne, huvuki barabara kununua nyingine. Dada zetu wa visiwani mnaosubiri mzigo wa boti mnatuelewa.

Nasi tulikosea. Mwanzoni tulishona sampuli nane, mishono minane, zote za saizi moja ya binti mwembamba. Zilipendeza sana ukutani. Alipokuja bibi harusi wetu wa kwanza, mwenye mwili wake mashallah, hakuna hata moja iliyomwingia. Na pesa ya kununulia kitambaa chake ilikuwa imening'inia pale ukutani. Tukamwomba alipe zote mapema. Akaaga kwa heshima na hakurudi. Hatumlaumu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mtaji wako ni shilingi 600,000. Mita 4 za kitambaa kwa 8,000 ni 32,000. Weka bitana, zipu na uzi 8,000, na fundi 20,000. Sampuli moja ni 60,000. Ukishona kumi, mtaji wote umekwisha na hujauza hata moja. Ukishona tatu, umetumia 180,000 na umebaki na 420,000 za kununulia vitambaa vya oda. Duka linaendeshwa na hizo zilizobaki, si na zile zilizo ukutani.

Kwa nini tatu, na si moja? Kwa sababu kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ya kukosea. Ishone kwa kitambaa cha bei nafuu kinacholalia mwili kama kile cha kweli. Hapo ndipo utagundua kwamba bega limevuta au shingo imekaa wazi mno. Ichore chaki, ifumue, iandikie. Si ya kumwonyesha mtu.

Ya pili ni ya kujaribiwa. Hii tumia kitambaa chenyewe, na uishone saizi kubwa kuliko ya kwanza. Mpe dada aivae siku nzima. Arukuu na asujudu, aketi kwenye mkeka, apande bodaboda. Apandishe mikono hadi juu ya viwiko aone kama atatia udhu bila kuvua. Asimame juani, maana satini nyeupe inayoonekana nzito chumbani huweza kuonyesha mwili wote nje. Kisha ifue, uone kama imeruka au imetoa rangi.

Ya tatu ni ya ahadi. Ndiyo utakayomwonyesha mteja, pamoja na vipimo vyake na kipande cha kitambaa ulichokibana kwenye daftari. Viwanda vikubwa vya nguo hufanya hivyohivyo: sampuli moja hukubaliwa na mnunuzi, hutiwa alama, na nguo zote zinazofuata hulinganishwa nayo. Usiiuze hata ukibembelezwa. Na usiishone kwa kipande cha mwisho cha jora usichoweza kukipata tena, kwa sababu rangi ya maziwa ya jora moja si lazima ilingane na ya jora jingine.

Mtatuambia, "Lakini mteja anataka kuona nguo nyingi." Ni kweli. Mwekee vipande vya vitambaa, mwonyeshe shingo mbili tatu na aina za nakshi kwenye mshono uleule. Ila usimwonyeshe picha za magauni ya Dubai ambayo fundi wako hajawahi kuyagusa. Hiyo si sampuli, ni ndoto unayomuuzia mtu katika wiki ambayo hana muda wa kushtuka.

Hapa kwetu mnunuzi mzoefu wa usipa hatazami walio juu ya gunia. Anazamisha mkono hadi chini. Na tunakumbuka Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula na vidole vikagusa unyevu. Muuzaji alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka juu watu wauone. Sampuli yako ndiyo juu ya rundo lako. Basi shona zile tu ambazo chini yake pakavu.

Nawe bibi harusi, kabla ya kutoa advansi, omba kuishika sampuli yenyewe. Iguse, igeuze uone mshono wa ndani, kubalianeni vipimo na siku ya kuichukua, na muandike. Dada mwaminifu hatachukia.

Allah azitie baraka biashara zetu ndogo na ndoa zenu. Aamin.